Bildi ya Sauti

 

Leo tupande ngazi kwanza. Ukizipanda ngazi za majumba ya Michenzani mpaka ghorofa ya juu, ukasimama ukaelekea magharibi, utaona mabati ya Ng'ambo, halafu Darajani, halafu mapaa ya Mji Mkongwe yaliyobanana, na nyuma yake bahari. Kutoka pale juu bahari imetulia kama sinia. Utahesabu majahazi, utaziona boti za Dar es Salaam zikiingia Malindi. Lakini kilichomo chini ya yale maji hukioni, hata upande juu mara mbili ya hapo. Kipindi cha leo kinahusu hicho tusichokiona, na watu waliotafuta namna ya kukijua.

Mwaka 1914 majumba haya hayakuwapo. Michenzani ilikuwa sehemu ya Ng'ambo ya nyumba za udongo na makuti. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba, kama saa kumi na moja na dakika kumi, mji uliamshwa na mizinga ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Manowari ya Kiingereza, Pegasus, ilikuwa imetia nanga mbele ya mji, injini zake zimezimwa kwa matengenezo. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuja kutoka kusini na kuanza kuipiga ikiwa mbali, mahali ambapo mizinga ya Pegasus haikuweza kufika. Pegasus ilikuwa chombo cha mwaka 1897, na mizinga yake minane ilikuwa ya zamani. Haikuchukua muda ikawa haina uwezo wa kujibu. Mabaharia 38 walikufa, 55 wakajeruhiwa, na siku ile ile meli ikazama. Baadhi ya waliokufa wamezikwa Chapwani, kile kisiwa kidogo ambacho wengi wetu tunakijua kwa jina la Kisiwa cha Makaburi.

Habari hiyo mmeisikia mara nyingi. Kuna jambo jingine la asubuhi ile ambalo halisimuliwi sana, nalo ndilo lililonifanya niandae kipindi hiki. Kabla ya kuondoka, nahodha wa Königsberg, Max Looff, aliamuru mapipa yatumbukizwe kwenye mlango wa bandari. Mle ndani hamkuwa na baruti. Yalijaa mchanga. Alitaka anayetazama kwa mbali aamini kwamba Wajerumani wametega mabomu majini.

Fikirini maana yake. Pipa la mchanga, kitu cha bure kabisa, laweza kuufunga mlango wa bandari, kwa sababu tu aliye juu ya maji hajui kilichoko chini. Nahodha yeyote mwenye akili atalihesabu pipa lile kuwa bomu mpaka athibitishe kuwa si bomu. Looff alilitumia kama silaha lile giza la chini ya maji.

Na pwani yetu ilikuwa na chombo cha kuuliza bahari tangu zamani: bildi. Vijana wengi wa leo hawajaiona. Ni pande la risasi lililofungwa kwenye kamba. Nahodha akikaribia maji asiyoyaamini, baharia husimama mbele ya chombo, hulirusha lile pande, huiachia kamba ipite mkononi, na inapolegea anajua limegusa chini. Hutaja kina kwa sauti ili aliye kwenye usukani asikie. Mabaharia wa zamani walipaka shahamu chini ya risasi, ili bildi ikipanda ilete mchanga au tope, nahodha ajue amesimama juu ya nini. Kwa miamba na mafungu ya mchanga, bildi inatosha. Kwa adui anayetembea chini ya maji, haitoshi.

Adui huyo alikuwa nyambizi. Mwaka 1915 nyambizi za Kijerumani zilikuwa zinazizamisha meli za Uingereza, na wakubwa wa jeshi la majini hawakuwa na njia ya kuzitambua. Hapo wakafanya jambo ambalo mimi naliheshimu: walikiri kwamba hawajui, wakauliza watu. Julai 1915 Uingereza iliunda Bodi ya Uvumbuzi na Utafiti, mwenyekiti wake Lord Fisher, ili kupokea mapendekezo kutoka kwa wanasayansi na kwa raia wa kawaida. Barua ziliingia kwa maelfu. Nyingi hazikufaa. Nyingine zilijaribiwa kwa uzito wote. Simba wa baharini walifundishwa kuifuata sauti ya nyambizi, wakajaribiwa kwenye mabwawa ya kuogelea kule Glasgow, kisha kwenye ziwa huko Wales. Walikuwa na masikio makali ajabu, lakini wakipelekwa bahari ya wazi walifuata samaki.

Waliolifungua fundo la swali lenyewe walikuwa wanafizikia. Ernest Rutherford alitambua mapema kwamba ndani ya maji mwanga haufiki mbali, bali sauti inafika. William Bragg, aliyefiwa na mwanawe vitani Gallipoli mwaka huo huo wa 1915, alikwenda Hawkcraig, Scotland, kutengeneza vyombo vya kusikilizia chini ya maji. Huko Ufaransa, Paul Langevin aliichukua fuwele ya kwatzi, akaipitishia umeme ikatetemeka na kutoa sauti nyembamba isiyosikika kwa sikio la binadamu. Sauti ile ikigonga chuma hurudi kama mwangwi, na ukijua umechukua muda gani kurudi, unajua chuma kiko umbali gani. Hiyo ndiyo sona. Mimi naiita bildi ya sauti, kwa sababu kazi ni ile ile: unatuma kitu usikokuona, unasubiri kikuletee habari.

Sasa turudi bahari yetu. Katika Vita vya Pili vya Dunia, baada ya Wajapani kushambulia Ceylon Aprili 1942, Waingereza waliihamishia Kilindini sehemu kubwa ya manowari zao. Mombasa ikawa kituo kikubwa cha jeshi la majini. Na mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za askari uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Mojawapo iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake mlikuwa na watu 1,511, wakiwamo wauguzi wanawake na kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, karibu watu 1,000. Hao ni vijana wa kwetu huku, waliokuwa wakipelekwa kupigana na Wajapani.

Jumamosi, tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, yapata saa nane u nusu mchana, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama katika muda usiofika dakika mbili. Wasikilizaji, dakika mbili ni muda wa mtu kushuka ngazi za Michenzani kutoka juu mpaka barabarani, ikiwa hana mzigo na hakuna anayemzuia. Wengi wa wale wa Khedive Ismail walikuwa ndani, chini mwa meli, ngazi zimejaa watu, meli imelala ubavu.

Msafara ulikuwa na manowari za ulinzi, na zilikuwa na sona. Petard na Paladin ziligeuka kuisaka nyambizi, na mwangwi ukarudi kutoka chini ya watu waliokuwa wakielea wakiomba kuokolewa. Nahodha wa Petard alitupa mabomu yake humo humo, kwa kuhofia kwamba nyambizi ingeachwa ingezamisha meli nyingine nne zenye maelfu ya watu. Nyambizi ililazimika kupanda juu. Petard ikaipiga topido moja baada ya nyingine, na ya saba ndiyo iliyoimaliza. Kati ya watu 1,511, waliokufa ni 1,297. Waliookolewa ni 214, na kati yao wanawake walikuwa sita tu.

Nimelifikiria sana lile la Petard, na sijaona wa kumlaumu. Chombo kilimwambia nahodha ukweli kuhusu chini ya maji. Uamuzi ukabaki wake.

Leo chini ya bahari hii yetu zimelazwa nyaya zinazobeba mawasiliano ya nchi nzima. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikaa siku kadhaa intaneti ikisuasua, na wengi ndipo walipojua kwamba simu zao zinategemea waya uliolala kwenye mchanga wa bahari. Hapa Unguja tunayo Taasisi ya Sayansi za Bahari, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tunao wavuvi wanaoijua mikondo ya Kizimkazi na Nungwi kwa ngozi zao. Ningependa kusikia wito kama ule wa 1915 ukitolewa hapa, kwa Kiswahili, ukibandikwa mpaka madikoni: tunataka kujua nini kinapita chini ya mkondo wetu, nani ana wazo? Nina hakika barua zitakuja.

Kabla sijawaaga, nina ombi. Pegasus ina makaburi Chapwani, na mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Königsberg. Vijana wa kikosi cha 301 wengi wao hawana kaburi. Kama nyumbani kwenu kulikuwa na babu aliyeondoka Kilindini Februari ile na hakurudi, mwulizeni mkubwa wa nyumba jina lake kamili na kijiji alichotoka, mtuandikie. Wiki ijayo, inshallah, tutaanza kipindi kwa kuyasoma majina hayo.