Jina la Baba Yako Ni Nani?

Somo letu latoka katika Injili ya Mathayo, sura ya 1, tangu mstari wa 1 hata wa 17.

Najua wengi wetu tukifika hapo hupita upesi. Fulani akamzaa fulani, naye fulani akamzaa fulani. Twaona ni majina matupu, tena magumu kutamka, twakimbilia habari za mamajusi na nyota. Lakini wazee wetu wasingalipita upesi hivyo. Wao walijua thamani ya ukoo. Kwa desturi ya Wakikuyu, mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama, ili jina lisipotee. Na methali yasema, mwacha asili ni mtumwa.

Wayahudi nao walikuwa vivyo hivyo. Katika kitabu cha Ezra, sura ya 2, twasoma ya kwamba watu waliporudi kutoka uhamishoni Babeli, walikuwako jamaa za makuhani waliotafuta majina yao katika orodha ya vizazi wasiyaone. Wakaondolewa katika ukuhani. Kwa kukosa jina kitabuni, mtu aliikosa kazi ya baba zake.

Basi Mathayo aliandika akiwajua watu wake. Akaipanga nasaba ya Bwana Yesu katika mafungu matatu, kila fungu vizazi 14. Sisi tukieleza habari za ukoo wetu huwataja wazee mashuhuri, na wale wa aibu huwaacha. Mathayo hakufanya hivyo. Watazame wanawake anaowataja kabla ya Mariamu. Yuko Tamari, aliyezaa mapacha na Yuda, baba mkwe wake. Yuko Rahabu, kahaba wa Yeriko. Yuko Ruthu Mmoabi, ambaye watu wake walikatazwa na Torati kuingia katika mkutano wa Bwana. Wa nne hamtaji hata kwa jina. Asema tu ya kuwa alikuwa mke wa Uria, ili tukumbuke dhambi ya mfalme Daudi, aliyemtwaa mke wa mtu, kisha akampangia mumewe kifo vitani.

Ndugu yangu, hiyo ndiyo nasaba ya Mwokozi wetu. Hakuona haya kuzaliwa katika nyumba hiyo.

Tena sikiliza mwisho wa orodha. Akamzaa, akamzaa, yaendelea hivyo hata kwa Yusufu, na hapo neno lakatika. Mathayo hasemi ya kuwa Yusufu alimzaa Yesu. Asema Yusufu alikuwa mume wa Mariamu, na Yesu alizaliwa na Mariamu. Basi Yesu alipataje kuhesabiwa katika ukoo wa Daudi kwa njia ya Yusufu? Soma mbele hata mstari wa 25. Yusufu alikuwa amekusudia kumwacha Mariamu kwa siri. Malaika akamwambia asiogope kumchukua, akamwagiza pia ampe mtoto jina. Naye akatii. Akamchukua Mariamu, na mtoto alipozaliwa akamwita Yesu. Kwa tendo hilo, mtoto ambaye majirani wangaliweza kumnyoshea kidole akapata nyumba, akapata ukoo.

Nami nina jambo la kuungama. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikiandika majina ya vijana wa darasa la ubatizo. Nikamfikia mmoja mwenye umri wa kama miaka 14. Nikamwuliza, "Jina la baba yako ni nani?" Akanyamaza. Nikauliza tena kwa sauti kubwa zaidi. Wenzake wakacheka. Kijana huyo alilelewa na nyanya yake, wala hakuna aliyemjua babaye. Jambo hilo nililijua. Lakini daftari lilikuwa na nafasi ya jina la baba, nami nilitaka ijazwe. Jumapili iliyofuata hakuja, wala hakuja tena. Nilipokwenda hatimaye kwa nyanya yake, miezi ilikuwa imepita, na kijana alikuwa amekwenda mjini kutafuta kazi.

Siku ile nilikuwa na kalamu mkononi, na Mathayo 1 niliisoma mara nyingi, lakini sikuwa Yusufu.

Wazee wa kanisa, walimu, akina mama, tujihadhari. Watoto wa namna hiyo wako katika kila usharika. Vijana wetu wakileta habari za posa, twauliza kwanza kama binti ametoka nyumba njema. Je, nyumba ya Yuda na Tamari tungaliipitisha? Luka naye ameandika nasaba ya Bwana katika sura ya 3, lakini aliiweka mara baada ya ubatizo, naye haishii kwa Ibrahimu. Apanda hata kwa Adamu, na kutoka kwa Adamu hata kwa Mungu mwenyewe. Huko ndiko ukoo wa kila mtu unakoanzia. Na anayempokea Kristo hupewa haki ya kuwa mtoto wa Mungu, wala haulizwi alizaliwa vipi.

Na wewe uliyenyamaza siku ile, ambaye sasa u mtu mzima, ikiwa wanisikia asubuhi hii, nakuomba unisamehe. Ningalipaswa kuandika jina la nyanya yako, na kufunga daftari. Mlango wa kanisa u wazi, popote ulipo.

Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, twakushukuru kwa kuwa umetupa jina sisi tusiostahili. Utusamehe tulipowafungia wadogo mlango. Utufanye kama Yusufu, tusiogope kumchukua aliyeachwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.