Punje Zinazozama: Mafuta ya Makadamia Nje ya Nyanda za Mlima Kenya



Naanza na ndoo ya maji. Msimu mmoja, kwenye ghala la kukusanyia makadamia, nilimwona kijana akimimina konzi ya punje zilizobanguliwa na kukaushwa. Nyingi zilielea, nyeupe kama maziwa. Nyingine zilizama, zimesinyaa, rangi yake ya kijivu. Mama aliyezileta kutoka upande wa Bungoma akauliza, "Hizi za chini zina ubaya gani, mwanangu?" Akajibiwa kwamba udongo wa kwao haufai.

Ndoo haikusema hivyo. Punje iliyokauka vizuri huelea ikiwa mafuta yake yamefika takriban asilimia 72 ya uzito, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Iliyopungukiwa huzama, na sukari iliyobaki ndani yake huifanya igeuke kahawia ikikaangwa. Basi ndoo hupima kiasi cha mafuta tu. Sababu ya upungufu lazima itafutwe shambani.

Niliomba kuona njugu zake chache ambazo hazijamenywa. Nilipozipasua, upande wa ndani wa ganda la nje ulikuwa bado mweupe, ilhali njugu iliyokomaa huwa na rangi ya kahawia hapo. Zilikuwa zimechumwa changa. Ganda la ndani la makadamia hutangulia kuwa gumu, mafuta yakafuata kujaa kwa miezi kadhaa, kwa hiyo njugu inayoonekana tayari kwa nje inaweza kuwa nusu tupu kwa ndani. Na huku kwetu karibu na ikweta miti hutoa maua kwa vipindi, hata mti mmoja ukawa na njugu za rika tatu. Ukiutikisa wote kwa siku moja kwa sababu dalali amefika na pesa mkononi, umechanganya mavuno. Kisha lawama inauangukia udongo.

Sisemi kwamba mahali hapana neno. Joto la mchana likikaribia nyuzi 35 wakati punje inajaa, mafuta hupungua hata kama mkulima amesubiri. Kwenye baridi ya juu, shida ni nyingine: huko hustahimili zaidi aina ya tetraphylla na chotara zake, ambazo ni tamu zikiliwa mbichi lakini kwa kawaida hubeba sukari nyingi na mafuta machache kuliko aina ya integrifolia.

Hapa ndipo ninapokuwa na hofu kubwa. Tazameni majina ya miche tunayoisambaza: EMB-1 ya Embu, KRG-15 ya Kirinyaga, MRG-20 ya Murang'a. Kila mche unabeba jina la kwao, yaani mahali ulipochaguliwa kwa sifa zake. Tunaupeleka Trans Nzoia, Nandi na Taita, tukimwahidi mkulima mafuta yale yale, naye atangoja miaka mitano hivi kabla ya kujua kama tulisema kweli. Hiyo ni ahadi nzito mno kuitoa bila vipimo.

Napendekeza kila kaunti mpya iwe na mashamba ya majaribio kwenye miinuko tofauti, aina zote zikipandwa bega kwa bega. Njugu ziokotwe chini zikiwa zimedondoka zenyewe, zikaushwe kwa kipimo kimoja, ndipo punje zake zitiwe kwenye maji, kwa misimu isiyopungua mitatu. Sampuli zifike maabara pia, kwa sababu ndoo haionyeshi asidi za mafuta. Oleiki, ambayo kwa kawaida ni kama asilimia 60, na palmitoleiki, kama asilimia 20, ndizo zinazoyapa mafuta haya thamani yake, na tunahitaji kujua zinakaaje kwenye joto la Taita na baridi ya Cherangani.

Wakati majaribio yakiendelea, maafisa ugani watembee na kisu. Mama yule, nilipomwonyesha ule weupe wa ndani ya ganda, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza asubiri wiki ngapi zaidi.