Kenge na Paka wa Nyumbani: Mazungumzo kwa Watumishi na Wakaazi wa Kimandolu, Arusha



Tangu Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliposainiwa mjini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na makao makuu ya Jumuiya hiyo kuwa huko, wako watumishi kutoka Visiwani ambao kazi au masomo huwafikisha katika mji huo na kuwaweka kwa miezi, pengine kwa miaka. Baadhi yao hupanga nyumba katika kata ya Kimandolu, upande wa mashariki wa jiji, kando ya barabara iendayo Moshi. Huko hukuta hewa ya baridi, migomba nyuma ya nyumba, na mifereji ya maji yateremkayo kutoka Mlima Meru. Hukuta pia kenge.

Mkaazi wa Mji Mkongwe amezoea kwamba paka ni wa mtaa mzima: hulala kwa huyu, hula kwa yule, na adui zake ni pikipiki na paka mwenziwe. Akihamia Kimandolu na paka wake, au akipata mtoto wa paka kwa jirani, humwachia atoke kama alivyozoea. Siku moja vitoto vitatu vilivyozaliwa nyuma ya rundo la matofali huwa viwili, na siku ya pili huwa kimoja. Hapo ndipo maneno huanza mtaani: mmoja hutafuta panga, na mwengine hutafuta sumu. Mazungumzo haya yanakusudia kueleza ni lipi lifanywe kabla ya kufikia hapo, na kwa nini sumu ni hatari kubwa kuliko kenge mwenyewe.

Kwanza inafaa kumjua mnyama anayezungumzwa. Kenge, ambaye Bara wengi humwita burukenge, wako wa aina mbili katika nchi yetu. Yuko kenge wa majini, aitwaye kenge wa Mto Nile, ambaye hukaa kando ya mito, mabwawa na maziwa. Ziwa Duluti pale Tengeru, mashariki zaidi ya Kimandolu, ni mahali ambapo wageni huonyeshwa kenge wa namna hiyo. Huyu akikomaa hufikia urefu wa mita 2 pamoja na mkia. Wa pili ni kenge wa nchi kavu, mwenye koo jeupe, aliye mfupi kidogo lakini mnene, mwenye uzito unaoweza kupita kilo 6. Paka mzima wa kawaida ana kilo 3 au 4. Tofauti hiyo ya uzito yatosha kueleza kwa nini paka hapaswi kuachwa apambane.

Hata hivyo haki ni haki. Chakula cha kila siku cha kenge si paka. Hula konokono, kaa, vyura, mende wa porini, majongoo, panya, nyoka, mizoga, na zaidi ya vyote mayai, ya kuku, ya ndege na hata ya mamba. Kenge wa majini akizeeka meno yake ya nyuma huwa butu, yanayofaa kuvunja magamba ya konokono. Paka mzima, mwenye afya na mwenye njia ya kukimbilia, ni nadra kuliwa. Anayeliwa ni mtoto wa paka ambaye bado hajui kukimbia, na anayejeruhiwa ni paka mzima aliyejitia kati ya kenge na watoto wake, au aliyezibwa njia katika pembe ya ukuta. Kenge aliyebanwa hupiga kwa mkia kama mjeledi, huparua kwa makucha na huuma bila ya kuachia upesi. Yule wa nchi kavu ana hila nyengine: hujilegeza na kujifanya maiti. Mtoto wa skuli atakayemshika mkia akidhani amekufa atajuta.

Watu husema kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Kwa tabia za baadhi ya binaadamu msemo huo ni sahihi, lakini kwa kenge mwenyewe ni uonevu, kwani ana tundu la sikio lililo wazi kila upande wa kichwa na husikia. Lakini kitu kinachomwongoza zaidi ni ulimi. Ule ulimi wake wa panda, anaoutoa na kuurejesha kila mara, hukusanya harufu kutoka hewani na ardhini na kuipeleka kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kaakaa. Kwa maneno mengine, kenge haji nyumbani kwa kuwa amemwona paka. Huja kwa sababu ya harufu. Hili likishafahamika, sehemu kubwa ya kinga inafahamika pia.

Hebu itazamwe nyua ya nyumba ya kawaida ya Kimandolu. Pana banda la kuku lenye mlango usiofunga vyema, na mayai hubaki humo mpaka jioni. Pana shimo la taka nyuma ya jiko, lenye vichwa vya samaki na matumbo ya kuku. Pana sahani ya paka kibarazani, yenye ugali na dagaa, ambayo huwekwa asubuhi na kuachwa hapo mchana kutwa kwa kuwa paka atarudi mwenyewe. Hakuna mwaliko uliotimia kuliko huo. Kenge hufuata dagaa, huzoea njia, na siku atakapokuta mtoto wa paka amelala karibu na sahani, hatauliza.

Kwa hivyo paka alishwe kwa saa maalumu, asubuhi mapema na magharibi, ndani ya nyumba, na sahani iondolewe na kuoshwa mara amalizapo. Mayai yaokotwe si mara moja kwa siku bali kila yanapotagwa. Mabaki ya samaki na nyama yafukiwe chini sana au yatiwe katika pipa lenye mfuniko mzito, kwa sababu kenge ana nguvu za kufukua na kufunua. Panya nao wapunguzwe kwa kuhifadhi nafaka katika vyombo vilivyofungwa, kwani pahala penye panya wengi paka hukesha nje, na kenge naye hupita.

Jambo la pili ni saa, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Desturi ya wafugaji wa paka ni kumfungia ndani usiku na kumfungulia mchana. Desturi hiyo ni njema kwa kujikinga na mbwa wazururao, kanu na bundi, na isiachwe. Lakini kenge ni mnyama wa mchana. Damu yake hufuata joto la mazingira. Asubuhi hutoka kuota jua juu ya jiwe, ukuta au bati, na akishapata moto ndipo huanza kutembea kutafuta riziki. Jua likizama hurudi shimoni. Hivyo basi, mtu anayemfungia paka usiku na kuviacha vitoto vyake uani saa 5 asubuhi, jua likiwa kali, amefunga mlango mmoja na kuufungua mwengine. Katika miezi ya Juni na Julai, ambapo Arusha huwa na baridi na mawingu, kenge hupunguza kutembea. Joto na mvua zinaporejea, hapana budi mwenye nyumba azidishe uangalifu.

Vitoto vya paka visiachwe kabisa nje mpaka vitimize angalau miezi 3 au 4, navyo viwe vinaweza kupanda na kukimbia. Wako wanaodhani kuviweka juu ya mti au juu ya paa la banda ni salama. Si salama, kwani kenge hupanda mti na ukuta wa mawe bila taabu. Kinachomshinda ni kitu laini kisicho na pa kushika kucha. Bati lisilo na mikunjo, lenye upana wa mita 1, likizungushwa kwenye nguzo za banda au shina la mti, humzuia. Uzio wa michongoma, ambao ni fahari ya nyumba nyingi za upande huo, humzuia ng'ombe na mwizi lakini kwa kenge ni pazia tu. Mwenye uwezo aweke wavu wa kuku wenye matundu madogo chini ya uzio huo na kuufukia kiasi cha nusu mita, kwa sababu kenge huchimba. Midomo ya mifereji ya maji nayo itiwe nondo au wavu.

Marundo ya matofali, kuni na mabati chakavu yaondolewe au yainuliwe juu ya magogo. Si kwa ajili ya usafi tu, ingawa usafi nao una haki yake. Paka jike hupenda kuzalia katika mianya hiyo hiyo ambayo kenge hupenda kujifichamo, na wawili hao hukutana bila ya kutafutana. Inashauriwa sana kuhasi paka, dume na jike, kwa msaada wa daktari wa mifugo. Paka jike aliyehasiwa hazai nyuma ya matofali, na paka dume aliyehasiwa hatembei mbali.

Kabla ya kumhukumu kenge, ushahidi utazamwe. Katika msafara wa wezi wa vitoto vya paka kenge yumo, lakini hayuko peke yake: wamo mbwa, kanu, mwewe, bundi na chatu. Kenge humeza kitoto kizima na hasazi kitu. Mbwa huua na kuacha maiti. Kanu na bundi hufanya kazi yao usiku. Kenge akipita penye vumbi au tope huacha alama za makucha pande mbili, na katikati mstari wa mkia ulioburuzwa. Kinyesi chake ni cheusi chenye ncha nyeupe kama chokaa.

Utambuzi huo si wa kujifurahisha. Paka akirudi na jeraha la meno, na watu wakasema kwa wepesi kuwa ni kenge, huenda jambo kubwa likapuuzwa. Kenge hana kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ni wa wanyama wanyonyeshao. Lakini paka hupata kichaa cha mbwa, na akiumwa na mbwa mgonjwa anaweza kuuleta ndani ya nyumba, penye watoto wanaolala naye. Dalili zikishamdhihirikia binaadamu, maradhi hayo karibu daima huua. Kwa sababu hiyo kila paka mwenye jeraha lisilojulikana lilivyopatikana apelekwe kwa daktari wa mifugo, na kila paka achanjwe afikapo miezi 3 na kurudiwa kwa wakati. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ni wakati mzuri wa kuulizia chanjo. Mtu aliyeumwa au kuparuliwa na mnyama yeyote aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Hata kidonda cha kenge hakipuuzwi, kwani huvimba na kutunga usaha. Na aliyemshika kenge anawe mikono, kwa kuwa wanyama wa jamii yake hubeba vijidudu vya ugonjwa wa tumbo.

Sasa juu ya sumu. Wako wanaotia dawa ya kuulia wadudu wa shambani katika kipande cha nyama na kukiacha uani usiku. Kenge amelala shimoni. Anayekula nyama hiyo ni paka yule yule aliyekusudiwa kulindwa, au mbwa wa jirani, na alfajiri kunguru huchukua kilichobaki na kukidondosha penye kisima au uwanja wa skuli. Mtoto mdogo hajui tofauti ya nyama hiyo na nyengine. Jambo hili halina udhuru wowote.

Kisheria pia mwananchi ajue mipaka yake. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, itumikayo Tanzania Bara, wanyamapori ni mali ya umma, na kuwaua au kuwakamata bila ya kibali ni kosa. Kenge wa aina zote mbili wamo pia katika orodha ya mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama walio hatarini, kwani ngozi zao hutakiwa kwa mikoba na viatu; huko Buganda ngozi ya kenge huwambwa kwenye ngoma ndefu iitwayo engalabi. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na anayeambiwa kuwa yuko mnunuzi wa kenge hai ajihadhari.

Taabu hii si ya Arusha pekee. Huko Cape Coral, katika jimbo la Florida, Marekani, kenge wa Mto Nile waliotoroka au kuachwa na wafugaji wamekuwa wakionekana tangu mwaka 1990 hivi. Huko ni wageni, nao huzaliana katika mifereji ya mji, na wenye paka hulalamika kama wanavyolalamika wa Kimandolu. Mji huo huweka mitego na kupokea taarifa za wakaazi. Tofauti ni kwamba Kimandolu mgeni si kenge. Alikuwapo kabla ya nyumba, na akiondolewa kabisa, konokono, panya na nyoka anaowala watabaki.

Kenge akiingia uani, watoto na paka waingizwe ndani, mbwa afungwe, na mlango wa uzio uachwe wazi. Asizungukwe wala asibanwe pembeni. Mara nyingi makelele ya mbali au maji ya mpira humtosha, naye huondoka kwa njia aliyojia; njia hiyo ndiyo ya kuzibwa baadaye. Akiwa ameingia ndani ya chumba, mlango wa ndani ufungwe na wa nje ufunguliwe, na watu watoke. Akirudi mara kwa mara, apewe habari mwenyekiti wa mtaa, kama ambavyo kwa upande wa Visiwani angepewa habari Sheha, ili ofisi ya kata imwite afisa wanyamapori mwenye vifaa vya kumkamata na kumhamishia penye maji na vichaka. Mwenye kutoa taarifa ataje saa aliyomwona, mahali alipotokea, na kama pana banda la kuku karibu, kwa kuwa hayo ndiyo maswali ya kwanza atakayoulizwa.