Umeme wa jua na ardhi kavu

Msikilizaji, kuba la ukumbi wa mikutano hapa Kimihurura, Kigali, linapowaka usiku, ni rahisi kusahau kwamba umeme nao unakalia ardhi. Kule Rwamagana unakalia kilima: paneli zaidi ya 28,000, megawati 8.5, katika ardhi ya kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom. Hauchomi dizeli, nami nausifu bila kusita.

Lakini tazama Garissa, Kenya. Kituo cha megawati 50 kilichozinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta Desemba 2019 kimechukua hekta 85 hivi. Katika nchi kavu ardhi ya namna hiyo si tupu, hata kama mtu wa mjini anaiona tupu. Ni malisho, na ni njia ya mifugo kwenda majini. Udongo wa nchi kavu una ganda jembamba juu yake. Greda likipita, ganda huvunjika, upepo huinua vumbi, na vumbi lilo hilo hutua kwenye paneli na kupunguza umeme. Kuziosha kunataka maji, mahali ambapo mfugaji anahesabu madumu.

Dawa ipo: brashi kavu badala ya maji, paneli ziinuliwe, nyasi ziachwe chini yake, kondoo waruhusiwe kuzila. Basi mnaopanga vituo vipya katika Jimbo la Mashariki la Rwanda, nawasihi: kabla ya kusimamisha nguzo ya kwanza ya uzio, waulizeni wafugaji mifugo yao hupita wapi.