Aliou Cissé na deni la Bamako

Februari 2002, jijini Bamako, fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika iliamuliwa kwa mikwaju ya penalti. Aliou Cissé, nahodha wa Senegal, alipiga wa mwisho. Kipa akaupangua, kombe likaenda Kameruni.

Wengi wangezimika hapo. Miezi michache baadaye kiungo huyo aliiongoza Senegal kuifunga Ufaransa, bingwa wa dunia, bao 1-0 mjini Seoul.

Mwaka 2015 akakabidhiwa timu ya taifa kama kocha. Wapenzi wa soka Afrika Mashariki hawajasahau Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019 nchini Misri, ambako vijana wake waliilaza Tanzania 2-0 na Kenya 3-0. Fainali aliipoteza mbele ya Aljeria, lakini hakufukuzwa. Huo ndio uamuzi wa kusifiwa, maana mashirikisho mengi barani yangemtimua kabla jasho halijakauka.

Februari 2022, Yaoundé, penalti tena, safari hii dhidi ya Misri. Sadio Mané akafunga ya mwisho na Senegal ikatwaa kombe hilo kwa mara ya kwanza.

Cissé na Senegal waliachana Oktoba 2024. Machi 2025 Libya ikamchukua.