Mteja Asisimulishwe Upya: Mada kwa Semina ya Wasaidizi wa Kisaikolojia na Kijamii, Bukavu



Niliombwa nieleze maana ya afya ya akili, kiwewe na tiba ya kisaikolojia. Kazi hii mnaifanya kila siku, kwa hiyo nitapita haraka. Kiwewe ni jeraha la nafsi linaloendelea kuuma baada ya tukio kupita. Tiba ina muda, siri na mpango. Hapa mjini tuna SOSAME, hospitali ya afya ya akili, na Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa 1999, inayounganisha matibabu, msaada wa kisaikolojia, sheria na kujitegemea kimaisha. Hayo mnayajua.

Ninalotaka kusema ni hili: tunawasimulisha wateja wetu mara nyingi mno.

Tazameni njia ya mama aliyebakwa akitokea Shabunda au Kalehe. Anamwambia muuguzi, kisha APS (msaidizi wa kisaikolojia na kijamii), daktari, OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi), wakili, na mwisho mgeni wa mradi anayetafuta ushuhuda. Kila mmoja ana fishi yake, yaani fomu ya maswali. Akifika kwetu kwa tiba, ama anasema yote kwa sauti isiyo na uhai, ama ananyamaza kabisa; na usiku ule hapati usingizi. Sinyooshei kidole shirika lolote, maana wafadhili wanadai ripoti na kila ofisi ina kanuni zake. Lakini kila mwaka tunakubaliana mikutanoni kupunguza maswali haya, na kila mwaka fishi mpya zinachapishwa. Inaniuma.

Wapo wanaosema kwamba kusimulia ndiko kupona. Utafiti wa Judith Bass na wenzake, uliofanyika Kivu zote mbili na kuchapishwa 2013, unatufundisha zaidi. Tiba ilikuwa kikao kimoja cha faragha na 11 vya kikundi, na akina mama hawakutakiwa kusimulia tukio lenyewe: walishughulikia mawazo yanayowafunga, kama lile la kujiona wenye hatia. Miezi sita baadaye, asilimia 9 yao walikadiriwa kuwa na sonona au wasiwasi, dhidi ya asilimia 42 ya waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja.

Hata mahakamani inawezekana kutomsimulisha mtu upya. Katika kesi ya watoto waliobakwa Kavumu, iliyohukumiwa 2017, mahojiano yaliyorekodiwa kwa video yalitumika ili watoto wasisimamishwe mbele ya washtakiwa. Na sheria ya 2006 kuhusu ukatili wa kingono inamtaka hakimu aite daktari na mwanasaikolojia.

Kwa hiyo napendekeza, kwa heshima kwa wakuu wa idara: faili iwe moja, imfuate mteja kwa ridhaa yake, na anayempokea aisome kabla ya kufungua mdomo. Kikao cha kwanza kiulize anachohitaji leo: usingizi, chakula, mtoto aliyeachwa nyumbani, mume aliyemfukuza. Asiulizwe tukio. Wageni wa miradi wasipewe wateja wa kuhojiwa. APS wapate msimamizi wa kuzungumza naye kila juma, kwa kuwa nao wanabeba uzito wa simulizi hizi. OPJ na mahakimu wafunzwe kurekodi ushuhuda mara moja tu. Narudia: faili moja. Vikundi vya tiba viongezwe, vikiongozwa kwa Kiswahili na Mashi. Na mradi ukifungwa, faili ikabidhiwe kituo cha afya cha mtaa wa mteja, kwa siri na kwa saini, isibaki katika kabati la ofisi iliyofungwa, maana hapo mama atalazimika kuanza tena na muuguzi mwingine.