Mbwa Akikuuma, Anza na Sabuni

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka.)

 

Wiki iliyopita tulipata maswali kuhusu mbwa. Mama mmoja aliuliza: "Mbwa wa jirani amemkwaruza mtoto wangu mguuni kwa jino, damu ilitoka kidogo tu. Ni lazima niende hospitali?" Mama, kama unanisikia, jibu ni ndiyo. Nenda sasa hivi, usingoje nimalize kipindi. Wengine mbaki, nitawaeleza kwa nini.

Sisi tulipotoka Uvira tulifikia Bujumbura, mtaa wa Kinama. Tulipanga chumba kimoja kwenye parseli yenye familia nne. Mwenye nyumba alikuwa na mbwa wa kulinda, mchana amefungwa kamba, usiku anafunguliwa anazunguka hadi kwenye majalala. Hakuna aliyewahi kumwona akichanjwa. Asubuhi moja alirudi na kidonda shingoni, ameumwa na mbwa mwingine. Tukamwonea huruma, basi.

Wiki kadhaa baadaye akabadilika. Sauti yake ya kubweka ikawa nzito kama mtu mwenye mafua. Akaacha kula, mate yakamtoka, taya ikalegea. Mwenye nyumba akadhani kakwamwa na mfupa, akamfungua mdomo kwa mikono yake. Jioni ile ile mbwa akakata kamba. Akamuuma mdogo wangu pajani, na mtoto wa jirani yetu akamkwaruza kwa jino kwenye kisigino.

Mama yangu alichukua sabuni ya kufulia na bido la maji, akaosha paja lile hadi mdogo wangu akachoka kulia. Kisha wakaenda kutafuta sindano. Kituo cha kwanza hawakuwa nayo. Walipata kesho yake, mahali pengine, kwa pesa ya kukopa. Mwenye nyumba naye alichomwa sindano zake zote.

Jirani yetu, mkimbizi kama sisi, aliweka jiwe jeusi kwenye kisigino cha mwanawe. Alikuwa na deni la kodi ya miezi miwili, akaogopa kwamba akisema hospitali, mwenye nyumba ataitwa na yeye atafukuzwa. Mama alinituma nikamwambie twende pamoja. Nilikuwa na miaka 12. Nilisema mara moja tu, nimesimama mlangoni. Akajibu, "Ni alama tu hiyo." Nikarudi zangu.

Karibu miezi miwili ikapita. Kidonda kilishapona. Mtoto akaanza kusema kisigino kinamwasha, kikafuata homa. Halafu akawa anataka maji, lakini akiona kikombe tu koo linajikaza, anapiga kelele. Alifariki siku ya nne. Mdogo wangu yuko hapa kambini, wengi mnamfahamu uwanjani.

Ugonjwa huo ni kichaa cha mbwa. Wenzetu Warundi wanauita ibisazi vy'imbwa, hospitalini utasikia raji. Kirusi chake kinakaa kwenye mate. Kinaingia kwa kuumwa, kwa kukwaruzwa, au mbwa mgonjwa akilamba kidonda kibichi. Hakipiti kwenye damu kama malaria, kinatambaa polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Safari hiyo mara nyingi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, wakati mwingine siku chache, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Ndiyo maana watu wanadanganyika, wanaona kidonda kimepona. Kikishafika ubongoni na dalili zikaonekana, karibu hakuna anayepona, hata kwenye hospitali kubwa za Ulaya. Lakini kabla ya hapo sindano inakizuia.

Kwa hiyo mbwa akikuuma, au paka, maana paka naye huambukiza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Ni muda mrefu kuliko unavyofikiri, ni kama kipindi hiki chote na matangazo yake. Usitie pilipili, usitie majivu ya manyoya ya mbwa, jiwe jeusi liache. Usikifunge kwa kukikaza. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Sindano si moja, zinarudiwa kwa wiki kadhaa, na usiache katikati kwa sababu unajisikia mzima. Wazee wanasimulia sindano nyingi za tumboni, hiyo ilikuwa zamani, siku hizi mtu mzima huchomwa begani. Mjamzito anachomwa, mtoto mchanga anachomwa. Aliyetoka damu anaweza kuhitaji pia dawa nyingine inayochomwa kwenye kidonda chenyewe. Ukichelewa siku mbili tatu, au hata wiki, bado nenda.

Na mbwa je? Kama anaweza kufungwa bila mtu mwingine kuumwa, afungwe, aangaliwe siku 10. Asipougua wala kufa, daktari anaweza kusimamisha sindano. Lakini wewe usingoje hizo siku 10 ndipo uanze.

Baada ya msiba ule, daktari wa mifugo alikuja Kinama na boksi la barafu. Watu walificha mbwa wao, wakidhani kaja kuwaua. Yule daktari alikaa juu ya boksi lake akatueleza: mkiua mbwa wa mtaa huu, wa mtaa wa pili watakuja kula majalala haya haya, nao hawajachanjwa. Akasema mbwa wakichanjwa 70 kati ya kila 100, ugonjwa unakosa pa kupita. Mtoto wa mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, kisha arudiwe kila mwaka, kadi itunzwe kama kadi ya kliniki ya mtoto. Apewe dawa ya minyoo, maana minyoo yake inaingia kwa watoto wanaocheza kwenye mchanga. Apewe maji, na kamba isimkate shingo. Mimi naongeza langu: kama chakula cha mgao hakitoshi watoto wako, usichukue watoto watatu wa mbwa kwa sababu ni wazuri. Chukua mmoja utakayemudu kumchanja, au usichukue.

Msidhani haya ni ya nchi tajiri. Kule Pemba, Tanzania, walianza kuchanja mbwa kwa kampeni mwaka 2010. Mwaka 2014 ugonjwa ukawa umetoka kisiwani. Ukarudishwa kutoka bara mwaka 2016, wakachanja tena, na mwaka 2018 ukatoka tena. Nao ni kisiwa. Sisi kambi yetu haina bahari ya kuizunguka, mbwa wa vijijini wanaingia usiku na wa kwetu wanatoka.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kamati yetu inaandika majina ya wenye mbwa na paka ili tuombe chanjo kwa idadi kamili. Kuandikisha mbwa hakumpunguzii mtu mgao, niliuliza mwenyewe. Ukiogopa kuja, mtume mtoto wako, au niambie mimi kisimani.

Na kama una jirani ambaye mwanawe amekwaruzwa, ukienda kwake usisimame mlangoni. Ingia, ukae.

(Muziki unapanda.)